Taka za Nyumbani Tangu Mabaraza Yaingie Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye mikutano ya wakazi, barazani baada ya swala ya alasiri, na kwa akina mama wanaosubiri gari la taka asubuhi. Mengi yanatoka kaunti ya Kilifi, ninakoishi, lakini sheria zinazotajwa humu ni za Kenya nzima, kwa hiyo mkazi wa Kiambu au Kisumu atajikuta humu pia. Soma swali lako tu ukitaka. Penye jambo lililoelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Ni mabaraza gani yaliyounganishwa, na lini?

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, Kenya ilikuwa na serikali za mitaa 175, ndizo tulizoziita mabaraza. Kila moja ilikuwa na madiwani wake, karani wake na sheria ndogo zake. Baada ya uchaguzi huo sheria iliyoziunda ikafutwa, na kazi, wafanyakazi na mali zao zikaingia katika kaunti 47.

Mombasa ilikuwa na baraza moja tu, la manispaa, kwa hiyo huko hapakuwa na kuunganisha kwingi. Kilifi ilirithi matano: Manispaa ya Malindi, mabaraza ya miji ya Kilifi na Mariakani, na mabaraza mawili yaliyokuwa yakiitwa ya kaunti, la Kilifi na la Malindi. Hayo mawili ya mwisho yalihudumia mashambani, na jina lao huwachanganya wengi, kwani "baraza la kaunti" la zamani si serikali ya kaunti ya leo. Mabaraza matano yalikuwa na mazoea matano ya kuzoa taka, au ya kutozizoa kabisa.

2. Kwa nini taka si kazi ya serikali kuu?

Kwa sababu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka mikononi mwa kaunti: kuzoa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu. Zimeorodheshwa chini ya huduma za afya, na mahali hapo panafaa. Taka iliyolala mlangoni wiki mbili ni suala la afya kabla ya kuwa suala la usafi wa mji.

Serikali kuu ina NEMA, mamlaka ya mazingira, inayotoa leseni na kusimamia viwango. NEMA haikuletei gari.

3. Kama baraza lilikufa 2013, mbona mitaa miwili ya kaunti moja bado inahudumiwa tofauti?

Baraza lilikufa, njia za magari yake hazikufa. Magari, gereji na vibarua vilikuwa mijini, na viliporithiwa viliendelea kukaa mijini. Sheria ndogo za zamani nazo ziliendelea kutumika mpaka kaunti ilipotunga zake, na vitabu vya wanaolipa vilikuwa na majina ya wakazi wa upande mmoja tu.

Nyuma ya mtaa wetu kuna njia ya vumbi iliyokuwa mpaka. Upande wa baharini ulikuwa wa baraza la mji, upande wa barani wa baraza la mashambani. Miaka kadhaa baada ya mpaka huo kufutwa, gari la taka lilikuwa bado likigeuzia palepale, chini ya mwembe, na akina mama wa upande wa barani wakivuka mbio na magunia kichwani kuliwahi kabla halijaondoka. Kwenye ramani walikuwa wakazi wa kaunti moja na majirani zao, wakipiga kura wadi moja. Hata neno tunalotumia linaonyesha hivyo: askari wa kaunti bado tunawaita "kanjo", jina la enzi ya baraza.

4. Je, kusawazisha maana yake sote tulipe bei moja?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloomba lisomwe kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu hupunjwa.

Kusawazisha mitaa iliyotoka mabaraza tofauti kuna pande mbili: huduma na bei. Ikisawazishwa bei peke yake, mwenye kuzolewa taka mara mbili kwa wiki na asiyeliona gari mwezi mzima watalipa sawa, na huyo wa pili atakuwa anamlipia mwenzake. Karatasini ni usawa. Mlangoni pake ni dhuluma.

Sheria yenyewe haidai bei moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 120, inaitaka kila kaunti iwe na sera ya bei za huduma za umma, na imeweka miongozo: watumiaji watendewe kwa haki, kila mtu alipe kwa kadiri anavyotumia, na familia maskini zipate angalau huduma ya msingi kwa bei nafuu. Kifungu hichohicho kinaruhusu bei zitofautiane kwa aina ya mtumiaji, kwa kiwango cha huduma na kwa eneo, mradi tofauti hiyo isiwe ubaguzi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: huduma itangulie. Kaunti iandike kiwango cha chini ambacho kila mkazi wa mjini atapata, yaani siku, saa na mahali pa kuchukulia. Gari lionekane likifika. Ndipo bei isogezwe. Na panapopatikana huduma zaidi, bei iwe zaidi.

## Ada

5. Nani hupanga ada ya taka, na nitajuaje kama ninayodaiwa ni halali?

Ada hupangwa na Bunge la Kaunti kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Chifu hana mamlaka ya kuipanga, wala askari, wala mzee wa mtaa. Katiba, kifungu cha 209, inaruhusu kaunti kutoza huduma inazotoa, na kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa bila sheria.

Anayekudai mwulize mambo mawili: ada hii iko katika jedwali gani la Sheria ya Fedha ya mwaka huu, na risiti itatoka kwa nani? Majedwali hayo ni marefu na yana mistari ya kila kitu, kuanzia kibanda cha sokoni hadi kuingiza lori jaani. Tafuta mstari wa taka za nyumbani. Katika kaunti nyingine hauumo kabisa, taka zimetajwa kwa biashara na kwa wanaoingiza magari jaani tu. Ukiwa haumo na unadaiwa kama ada ya kaunti, una haki ya kuomba uonyeshwe kwa maandishi inatoka wapi.

6. Zamani hatukulipa chochote. Mbona sasa tunadaiwa?

Huenda mlikuwa chini ya baraza la mashambani ambalo halikuzoa taka za majumbani, kwa hiyo halikuwa na cha kutoza. Mlichimba shimo, mkachoma au mkafukia. Mtaa ukijaa, shimo halitoshi tena, na kaunti ikileta gari inakuwa na haki ya kutoza. Neno kubwa hapo ni "ikileta". Kama gari halijaanza kuja, rudi swali la 4, kisha soma la 13.

7. Ada inahesabiwaje hasa?

Tuchukue mtaa wa nyumba 400. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya 2018, ilikadiria kuwa mtu mmoja Afrika kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Familia ya watu watano hutoa kama kilo 2.3 kwa siku, yaani kilo 16 kwa wiki. Nyumba 400 zitatoa takriban tani 6.4 kwa wiki. Hilo ni lori moja la tani saba, limejaa karibu pomoni.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, safari moja ya lori hilo, pamoja na mafuta, dereva, vibarua na ada ya jaani, inagharimu shilingi 24,000. Zikilipa nyumba zote 400, ni shilingi 60 kwa wiki kila moja, 240 kwa wiki nne. Zikilipa nyumba 150 tu, kila moja itabeba shilingi 160 kwa wiki, 640 kwa wiki nne. Taka ni zilezile, gari ni lilelile. Kilichobadilika ni idadi ya wanaolipa.

Ndiyo maana kuwaandikisha watu wote kwenye kitabu kimoja baada ya muungano ni kazi muhimu kuliko kubishania bei, na ndiyo inayoachwa nyuma mara nyingi. Jambo la pili linaloamua bei ni umbali wa jaa. Kila kilomita ya kwenda na kurudi ni mafuta, na lori likitumia nusu siku njiani, siku hiyo halitahudumia mtaa wa pili.

8. Mimi ni mpangaji. Nilipe mimi au mwenye nyumba?

Angalia kwanza mkataba wako, hata kama ni wa karatasi moja. Katika ploti nyingi mwenye nyumba hukusanya pesa za taka pamoja na kodi na kuzipeleka. Kama ni hivyo, usilipe tena mlangoni. Omba tu aandike kwenye risiti ya kodi: "pamoja na taka". Maneno hayo matatu yameokoa wapangaji wengi kutoka kwa mabishano ya mwisho wa mwezi.

9. Tunalipa kikundi cha vijana wa mtaa, na kaunti nayo inadai. Si tunalipa mara mbili?

Inawezekana, na inawezekana si hivyo. Taka ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka mlangoni pako hadi mahali pa kukusanyia, na hiyo ndiyo wanayoifanya vijana kwa mkokoteni. Ya pili ni kutoka hapo hadi jaani, na hapo huhitajika lori. Kama vijana wanafanya ya kwanza na kaunti ya pili, unalipia kazi mbili tofauti. Kama vijana wanakodi lori na kulipa ada ya jaani wenyewe, basi kaunti inakutoza kazi isiyoifanya, na hilo lipelekeni Bunge la Kaunti kwa barua.

Waulizeni vijana pia kama wana leseni ya NEMA ya kusafirisha taka. Siulizi ili wafukuzwe. Kikundi kisicho na leseni siku moja hukamatiwa mkokoteni, na mtaa mzima hubaki na magunia. Mara nyingi vijana hawa walikuwa wakiifanya kazi hii wakati hapakuwa na gari la serikali yoyote. Mpango wa kusawazisha unaowapita kama hawapo unapoteza watu wanaojua kila mlango na kila mbwa wa mtaa. Kaunti inaweza kuwapa eneo kwa mkataba, na ada ikawa moja.

10. Kuna bibi jirani yetu hana uwezo kabisa. Naye atalipa?

Kifungu cha 120 kilichotajwa katika swali la 4 kinataka familia maskini zipate huduma ya msingi kwa bei inayogharimia uendeshaji tu, au kwa bei maalumu, au kwa ruzuku. Kama Sheria ya Fedha ya kaunti yenu haina mstari huo, mkutano wa maoni ya umma ndipo pa kuudai. Msamaha wa mtu mmoja mmoja nao lazima uwe umeruhusiwa na sheria, na Katiba inataka uwekewe kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake. Msamaha wa mdomo hausaidii. Afisa akihama, unahama naye.

## Huduma

11. Gari linapaswa kuja mara ngapi?

Kwa joto la pwani, mara moja kwa wiki ni kiwango cha chini kabisa kwa taka zinazooza. Mayai ya nzi huweza kufika hatua ya nzi mzima ndani ya siku saba hadi kumi hivi kukiwa na joto. Gari likichelewa wiki mbili, mtaa umeshafuga kizazi kipya. Ukiulizwa maoni yako, taja siku. "Mara kwa mara" si ratiba.

12. Kutenganisha taka ni lazima? Na kuna faida gani kwangu?

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zigawanywe mafungu mawili, zinazooza na zisizooza, na wanaozizoa wazibebe zikiwa zimetengwa. Malalamiko ninayosikia kila mahali ni kwamba watu hutenga nyumbani, kisha wanamwona kibarua akimwaga vyote pamoja garini. Malalamiko hayo ni ya haki, na yaandikwe: tarehe, mtaa, namba ya gari.

Faida iko kwenye uzito na ujazo. Majikoni mwetu zaidi ya nusu ya taka ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Pwani kuna makumbi ya madafu, ambayo gunia lake moja hujaza nafasi ya taka za nyumba kadhaa. Jirani yangu muuza madafu alikuwa akipeleka magunia sita kila siku ya gari. Sasa huyaanika, na wachoma chokaa na wapishi wa biriani za harusi huja kuyachukua kama kuni. Lori lilelile sasa linafika nyumba za mwisho wa njia bila kujaa.

Yale yanayooza unaweza kuyafukia shambani yakawa mbolea. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo tumia ndoo yenye kifuniko au gunia.

13. Gari halijaja wiki tatu. Naweza kukataa kulipa?

Ushauri wangu: usikatae kimyakimya. Anayekataa kimya huonekana mdaiwa, na lawama humrudia. Fanya hivi. Andika tarehe ambazo gari halikuja. Wapate majirani wasiopungua watano watie sahihi. Peleka barua kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa mwakilishi wadi na idara ya mazingira ya kaunti. Ombeni mambo mawili: ratiba kwa maandishi, na ada ya wiki zilizokosa ipunguzwe, mkitaja kwamba sheria inataka malipo yalingane na matumizi.

Mkinyimwa taarifa, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 kujibu. Asipojibu, malalamiko huenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Na kama taka zimegeuka hatari kwa afya, kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia.

14. Kichochoro chetu hakipitiki kwa lori. Tuko kwenye mpango kweli?

Mnapaswa kuwemo. Dai kituo cha kukusanyia kilicho karibu, chenye siku maalumu na mtu wa kukisimamia. Kituo kisicho na msimamizi huwa jaa ndani ya mwezi mmoja. Nimeviona vikianza na pipa moja la chuma na kuishia na moshi usiozimika. Mkokoteni ndio unaofaa hapa (swali la 9).

## Hali zisizo za kawaida

15. Ninakaa Mtwapa lakini biashara yangu iko Mombasa. Nilipe wapi?

Taka za nyumbani hulipiwa nyumba ilipo. Mtwapa iko Kilifi, ng'ambo ya daraja ni Mombasa. Taka za duka zitafuata kibali chako cha biashara cha Mombasa. Usibebe taka za huku ukazitupe kule kwa sababu gari la kule huja mapema. Kaunti jirani zikitaka kutumia jaa moja au magari ya pamoja, Katiba katika kifungu cha 189 inaziruhusu kuunda mamlaka ya pamoja, na kaunti sita za pwani tayari zina jumuiya yao. Kwa miji iliyoshikana kama hii, ningependa kuona hilo likifanyika.

16. Kuna kibao kipya cha "Manispaa". Mabaraza yamerudi?

Hayajarudi. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019, inaruhusu mji wenye watu wasiopungua 50,000 kupewa hadhi ya manispaa yenye bodi. Bodi hiyo inaweza kukabidhiwa kazi ya taka, lakini iko chini ya kaunti na haitungi ada yake peke yake. Barua yako ipelekee bodi, na nakala kaunti.

17. Nadaiwa deni la tangu enzi ya baraza. Bado lipo?

Mali na madeni ya mabaraza hayakufutika siku ya uchaguzi. Yalipaswa kuhesabiwa na kukabidhiwa. Lakini anayekudai lazima aonyeshe hesabu. Omba taarifa ya akaunti yenye tarehe, na upekue risiti zako za zamani kabla hujakubali kiasi chochote. Risiti ya kijani iliyofifia ya baraza la mji bado ni ushahidi.

18. Na sisi wa Dar es Salaam? Halmashauri yetu nayo ilibadilishwa.

Kwenu mambo yalikwenda njia nyingine. Tarehe 24 Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zilibaki manispaa. Ada ya taka kwenu hutokana na sheria ndogo za kila halmashauri, kwa hiyo Ilala na Temeke zinaweza kutofautiana kihalali. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko upande wa Ilala lakini limekuwa likitegemewa na mkoa mzima, na umbali wake unaingia kwenye gharama ya kila mtu (swali la 7). Anzia kwa mtendaji wa mtaa, na umwombe akuonyeshe sheria ndogo yenyewe.

19. Mzee wetu amefariki, nyumba imefungwa, na ada inaendelea kuhesabiwa. Tufanyeje?

Poleni sana. Inategemea kama ada imewekwa kwa mtumiaji au kwa jengo, na jibu liko kwenye maneno ya Sheria ya Fedha ya kaunti yenu. Kama ni ya mtumiaji, nyumba tupu haitoi taka. Mwandikieni msimamizi wa wadi mkitaja tarehe nyumba ilipofungwa, mwambatishe nakala ya kibali cha mazishi au cheti cha kifo, na mwombe akaunti isimamishwe kuanzia siku hiyo. Pelekeni nakala mbili. Moja abaki nayo, ya pili aigonge muhuri wa siku mliyoipeleka, mrudi nayo nyumbani.